Nusu Dakika ya Mzee Ambokile

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Haipigi hodi. Inashuka juu ya bati mpaka mke na mume ndani ya chumba kimoja wanaongea kwa ishara, kisha inakatika ghafla na kuwaacha wakipigiana kelele bila sababu. Zamani, fundi sauti akiambiwa tamthilia itapigwa Tukuyu, alikuwa anaumwa siku hiyo hiyo. Tumpe Mwakalinga hakuwa na pa kukimbilia kwa sababu ndiko alikozaliwa, na mvua hiyo aliichukia jinsi mtu anavyomchukia ndugu yake wa tumbo moja.

Asubuhi hiyo ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Tumpe alisimama mbele ya Mzee Ambokile Mwaipaja ndani ya stoo ya mbolea iliyogeuzwa chumba cha kubadilishia nguo, ngumi imefumbwa. Ndani ya ngumi alikuwemo kupe.

"Unampasha moto tena?" Mzee Ambokile aliuliza, vifungo vya shati vikiwa wazi.

"Akiwa wa baridi unaruka, baba. Juzi uliruka ukamwaga chai ya watu."

"Niliruka kwa sababu ulinifinya."

"Sikukufinya. Uzee ndio unafinya."

Mzee akacheka, na Tumpe akatumia nafasi hiyo hiyo kumbandika kupe chini ya mtulinga, mahali ambapo ngozi imelala juu ya mfupa. Aliye mbali asingemwona. Kupe huyu wa kunasa sauti alikuwa mdogo kama punje ya mtama, rangi yake rangi ya ngozi ya mwenyewe, na alikuwa na tabia moja iliyoleta neema kwa mafundi sauti wote wa nchi zenye mvua: hakusikiliza hewa hata kidogo. Aliichota sauti ya mtu kutoka kwenye mfupa kabla haijafika mdomoni. Mvua ingeweza kupiga bati mpaka ichoke, yeye hakuwa na habari nayo, labda unong'ono tu.

Ubaya ni kwamba mwili wa mtu nao hauna adabu. Tumbo linanguruma, pafu linakoroma, moyo unadunda. Ndiyo maana kwenye miksa ya Tumpe kulikuwa na kichujio kilichoondoa mambo yote ya mwilini na kubakiza maneno. Kwa siku nzima ya kazi alisikia maneno matupu, safi, kama yametamkwa na watu wasio na matumbo. Kichujio kilizimwa wakati mmoja tu, nao ni wakati wa ukimya.

Walipomaliza sehemu ya asubuhi, mwongozaji Nassoro Kiwelu akapaza sauti, "Kata! Tumepata!" Watu wakaanza kuokota vitu vyao.

"Hakuna aliyepata kitu," Tumpe akasema. "Ukimya wa chumba. Nusu dakika. Aliyeshika kikombe abaki nacho, aliyevua kiatu asikivae."

Watu wakaguna, wakaganda. Hii ni desturi ya zamani kuliko kupe, ya tangu enzi za mikanda. Kabla ya kuondoka mahali, fundi sauti hurekodi mahali penyewe pakiwa kimya, kwa kuwa hakuna chumba kinachonyamaza kama kingine, na wahariri huutumia ukimya huo kuziba viraka kati ya sentensi. Tumpe aliisimamia desturi hiyo kama mwalimu wa zamu. Aliyekohoa, nusu dakika ilianza upya, na wote walimtazama aliyekohoa.

Alizima kichujio, akakandamiza hedifoni masikioni.

Waliovaa kupe walikuwa wawili: Mzee Ambokile, anayeigiza baba, na Gwakisa, kijana anayeigiza mwanawe. Moyo wa Gwakisa ulikuwa wa mcheza mpira, mzito na mvivu. Wa mzee Tumpe aliujua vizuri tangu wiki ya kwanza. Ulikuwa wa haraka kidogo, wenye heshima zake.

Siku hiyo ulidunda, ukadunda, ukaruka pigo zima, kisha ukaja na matatu kwa pupa. Nyuma yake kulikuwa na mkwaruzo, kama mlango ambao haufungi vizuri. Tumpe aliinua macho. Mzee Ambokile alikuwa amesimama wima mbele ya jiko la kuni, ametulia, anatabasamu kwa mbali.

"Asante, tumemaliza," Tumpe akasema, na watu wakaachiliwa.

*

Alimfuata nyuma ya jiko, ambako mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anavuta pumzi kwa mdomo.

"Shikamoo tena, baba."

"Marahaba. Umesikia."

Fundi sauti anayetumia kupe huapishwa kwamba anachokisikia ndani ya mwili wa mtu hatakitamka kwa yeyote, na mpaka siku hiyo kiapo hicho hakikuwahi kumsumbua. Alikuwa amesikia mimba kabla ya baba wa mtoto. Alikuwa amesikia njaa za waigizaji wanaojidai wameshakula. Alizoea kuziba mdomo, akaona ni adabu tu ya kazi.

"Usihangaike, mwanangu. Nimeshakwenda Mbeya," mzee akasema. "Daktari kaniambia yote, na siku ya upasuaji kanipa. Tukimaliza hapa, natoka na koti hili hili la tamthilia naenda kulala kwenye meza yao."

"Nenda leo."

"Nikienda leo, nani atakaa kwenye kile kigoda?"

Wote wawili walimjua atakayekaa. Siku ya kwanza ya mkataba, mwigizaji huingizwa kwenye chumba cha duara, akasoma, akacheka, akalia, akatembea, na mashine zikamchota nzima nzima. Kinachotoka humo kinaitwa kivuli. Ni cha akiba, kama tairi la nyuma ya gari. Mwigizaji akiimaliza kazi yake mwenyewe, kivuli hufutwa. Akishindwa katikati, kwa kuugua au kwa kufa, kivuli huimalizia kazi na kubaki mali ya kampuni, itumie itakavyo, milele. Waigizaji walikuwa wamepigania angalau hilo la kufutwa, na ndipo sheria ikaja kumtwisha Tumpe mzigo ambao hakuuomba. Kwa kuwa kivuli huweza kuigiza kila kitu, basi itathibitishwaje kwamba aliyemaliza kazi alikuwa mtu? Wanasheria wakazunguka, wakaishia kwenye desturi ya mafundi sauti. Ukimya wa mwisho. Nusu dakika nzima isiyokatizwa, baada ya tukio la mwisho la mwigizaji, kupe akiwa mwilini na kichujio kimezimwa. Mashine ikishapata nusu dakika hiyo inapiga muhuri, na kivuli kinafutika hapo hapo.

"Unamkumbuka Asajile?" mzee akauliza.

Nani asiyemkumbuka Asajile. Alikuwa mchekeshaji, akafa kwa malaria katikati ya kazi, na mpaka leo kivuli chake kinauza dawa za mbu.

"Mjane wake ni jirani yangu," Mzee Ambokile akaendelea. "Redio ikiwa mezani, tangazo likianza, 'Mama watoto, umefunga dirisha?', anaitika. 'Bee!' Kutoka jikoni, mikono ina unga. Halafu anakumbuka. Kila siku anaitika, Tumpe, na kila siku anakumbuka. Wanawe wakaificha redio. Akaenda kununua nyingine."

Akasita ili kupumua.

"Mimi nina Sekela peke yake. Sitaki mwanangu aje kunisikia namwambia anunue sabuni. Uongo wa mbele ya kamera nimeusema maisha yangu yote, lakini kila uongo niliuchagua mwenyewe. Limebaki tukio moja. Moja tu. Ukiwaambia kampuni, wananitoa leo hii na kivuli kinabaki kwao."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nikiwa nimemaliza, nimeanguka mimi. Niahidi kitu kimoja. Nikishakaa kwenye kile kigoda na ukimya ukaanza, hata iweje, uiache nusu dakika yangu ipite."

Tumpe alitazama uji uliomwagika karibu na mafiga, sisimizi wameshaupata. Alitamani sana mazungumzo yaishe.

"Nimekuahidi, baba."

"Ndaga," mzee akasema, asante ya kwao, akanyanyuka kwa kushikilia ukuta.

*

Tukio la mwisho lilikuwa jepesi kulisimulia. Baba aliyemfukuza mwanawe anapanda mlima mpaka nyumbani kwa huyo mwana, amebeba mkungu wa ndizi begani kama zawadi ya kuomba radhi. Anaukuta mlango umefungwa. Anakaa kwenye kigoda barazani, anaongea na mlango. Basi.

Lakini mwongozaji Nassoro alitaka milima ionekane nyuma, na milima ilikuwa imejifunika ukungu, haikujali ratiba ya mtu. Asubuhi walitoka, wakapanga vifaa, wakasubiri, wakarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Kila walipotoka Tumpe alimpasha kupe kwenye kiganja, akambandika, akazima kichujio kwa siri kidogo, akasikiliza. Mlango ule wa moyoni ulikuwa haufungi kabisa sasa.

Alifikiria kumwambia Getruda, mhudumu wa afya wa kazini, mama mpole aliyegawa panadoli na ushauri wa ndoa. Lakini Getruda alilipwa na kampuni, na neno lolote aliloambiwa aliliingiza kwenye kishikwambi chake mbele yako, ndivyo alivyotakiwa. Alifikiria kumpigia Sekela. Sekela angepanda basi la kwanza, angemtoa babake kwenye seti kwa kumkokota, na angefanya sawa kabisa. Tumpe aliitafuta namba yake, akaitazama, akaizima simu. Alijiona mpumbavu kwa kunyamaza na alijiona msaliti kwa kutaka kusema, na hisia zote mbili zilimkaa kifuani kwa wakati mmoja.

Akabaki na silaha moja tu, nayo ni uongo wa kitaalamu.

"Dairekta," akamwambia Nassoro, "ule mkungu utatuharibia. Maganda yanakwaruza karibu na kupe. Tutengenezewe wa sponji, tuupake rangi."

Nassoro alikuwa mtu wa Dar es Salaam, aliyevaa makoti mawili na bado akatetemeka. Alimheshimu Tumpe kuliko alivyoiheshimu kamera. "Kama sauti inasema sponji, basi sponji," akajibu.

Mkungu wa sponji ukatengenezwa, mzuri, mwepesi kama kofia. Na asubuhi ambayo ukungu ulinyanyuka hatimaye, na mlima Rungwe ukaonekana mzima, Mzee Ambokile akautazama ule mkungu wa sponji, akauweka chini taratibu, akaenda kwenye mgomba wa mwenye nyumba akajikatia wake.

"Baba!" Tumpe alimkimbilia. "Tulishakubaliana."

"Mlikubaliana nyie. Bega linajua lilichobeba, na watu wa huku wataona. Mnyakyusa gani atadanganywa na ndizi ya godoro?"

"Nakuomba."

"Nami nilikuomba," mzee akasema kwa upole, akaupachika mkungu begani.

*

"Kimya seti! Sauti?"

"Inakwenda."

"Kamera? Akshen!"

Mzee Ambokile akapanda. Njia ilikuwa ya utelezi. Tumpe alimsikia kwenye hedifoni akihema, na kichujio kilikuwa kimewashwa, maana yake kuhema huko kulikuwa kukubwa mno hata mashine ilikuona ni sehemu ya maneno. Alifika, akautua mkungu, akakaa, akaongea na mlango. Katikati ya maneno pikipiki ikapita barabarani, imebeba jeneza la mtu au kabati, Tumpe hakuona vizuri, ila injini yake ilinguruma mpaka ikatikisa udongo, na udongo ukatikisa mifupa, na kupe akaibeba.

"Kata! Sauti?"

"Safi!" Tumpe akasema.

Nassoro akageuka. Wote wakageuka. "Dada Tumpe. Hata mimi nimesikia pikipiki."

"Itatolewa baadaye."

"Wewe? Wewe ndiye unasema itatolewa?" Nassoro akacheka, na wengine wakacheka naye. Mwanamke aliyewahi kusimamisha kazi kwa sababu ya kuku wa jirani! "Utakuwa umechoka. Tunarudia. Mzee, samahani, kutoka chini tena."

"Hamna neno," Mzee Ambokile akasema, akaubeba mkungu akashuka nao.

Mara ya pili jua likaingia wingu. Mara ya tatu mvua ilianza wakati mzee yuko nusu ya mlima, na Nassoro akanyoosha kiganja, endeleeni, endeleeni, ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli. Mzee alifika amelowa, akakaa, akaegemea nguzo ya baraza, akaanza kuongea na mlango kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameitumia kabla. Alimwambia mwanawe kwamba ndizi ni za shamba la mama yake. Alimwambia asifungue kama hataki, ila azile. Nyuma ya mlango Gwakisa, ambaye hakutakiwa kulia, alikuwa analia. Bati lilikuwa linapigwa kwa nguvu zote, na masikioni mwa Tumpe kila neno lilikuja kavu, la karibu, kana kwamba limesemwa ndani ya kichwa chake mwenyewe. Hakuwahi kurekodi kitu kizuri namna ile.

"Kata," Nassoro akasema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Tumepata."

Mzee Ambokile alimtazama Tumpe kutoka kwenye kigoda.

Sheria ilitaka maneno yale yale. Tumpe akayasema. "Ukimya wa mwisho wa Ambokile Mwaipaja. Nusu dakika. Kila mtu abaki alipo."

Wakaganda. Mshika taa na taa yake, Getruda na mwavuli wake, Nassoro mkono ukiwa kidevuni. Tumpe akazima kichujio. Kwenye kioo cha miksa mstari wa kijani ukaanza kujaa kutoka kushoto.

Moyo wa mzee ulikuwa unakimbia. Haukuwa na mpangilio tena, ulipiga hapa ukapiga pale, ukajikwaa, ukainuka. Mstari ulikuwa umefika robo. Mzee alibaki anamtazama. Halafu mdundo ukafifia kabisa, na mkono wa Tumpe, bila kumuuliza mwenyewe, ukaenda kwenye betri. Ndivyo mkono wa fundi sauti ulivyo. Sauti ikipungua, huwaza waya, huwaza betri, huwaza kupe ameachia. Kioo kilimjibu: betri imejaa, kupe ameshika.

Akasikiliza tena. Haukuwa umesimama. Ulikuwa unatetemeka, bila pigo hata moja la maana, na mashine haikujali. Mashine ilitaka mwili wenye moyo na watu walionyamaza, na vyote viwili ilikuwa navyo. Mstari ulipita nusu.

Mzee Ambokile alitikisa kichwa kidogo sana. Usiseme. Kisha kichwa kikalala kwenye nguzo na macho yakabaki wazi, hayamtazami mtu.

Wote waliokuwepo walidhani anauheshimu ukimya. Tumpe ndiye aliyewafundisha. Miaka yote amewakaripia kwa kikohozi, kwa mguu, kwa kiti kilicholia, na sasa walisimama wamekamilika, wataalamu, hakuna hata anayepepesa, wakimtazama mtu anakufa mbele yao na kungoja ruhusa yake. Ndani ya hedifoni mvua ilisikika mbali, ikipita kwenye mifupa ya mzee. Mstari ulibakiza kama robo. Niliahidi, Tumpe aliwaza. Kisha akawaza Sekela. Kisha hakuwaza kitu, aliuona tu mstari unasogea polepole kuliko kitu chochote alichowahi kukiona, na akatamani mtu mwingine akohoe. Mtu yeyote. Aliwatazama mmoja mmoja, akiwasihi kwa macho. Hakuna aliyekohoa.

Mstari ulibakiza urefu wa kucha.

"Getruda!" akapiga kelele. "Getruda, moyo! Mzee, moyo!"

Getruda alitupa mwavuli akakimbia na sanduku lake la kushtulia moyo. Watu wakapiga mayowe, kigoda kikaanguka, shati likachanwa. Kwenye kioo cha miksa, mstari wa kijani ukageuka mwekundu, na chini yake yakaandikwa maneno: Ukimya wa mwisho umekatizwa. Hayo yalikuwa manne. Tumpe aliyahesabu mara mbili, kwa sababu hakuweza kuhesabu kitu kingine. Hedifoni bado zilikuwa masikioni mwake alipomsikia mzee anashtuliwa mara ya kwanza, halafu mara ya pili, halafu pigo moja, zito, lililorudi peke yake.

*

Sekela alimkumbatia Tumpe kwenye korido ya hospitali huko Mbeya mpaka hedifoni aliyoizoea shingoni ikamchoma kifuani. "Mungu akubariki dada yangu. Daktari amesema kama mngechelewa kidogo tu! Umenirudishia baba yangu." Alikuwa analia na kucheka. Upasuaji ulikuwa umekwenda vizuri, mzee anakula, anakaa. "Ila haongei sana. Labda ataongea na wewe."

Tumpe aliingia wodini na mfuko wa machungwa. Vitanda vilikuwa vimejaa, televisheni ipo juu ukutani, karibu na dari, wagonjwa wanaangalia mpira. Mzee Ambokile alikuwa amepungua nusu. Kifuani alikuwa na bandeji, chini ya mtulinga, pale pale Tumpe alipokuwa akimbandika kupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Tumpe akamenya chungwa. Akalimenya vizuri sana, ganda moja refu, maana kumenya kulikuwa na mwisho unaojulikana.

"Ungekufa," akasema.

"Najua."

"Sekela angebaki peke yake."

"Sekela hatabaki peke yake. Sasa ana baba wawili. Mmoja hazeeki." Hakusema kwa hasira, na Tumpe angefurahi kama angesema kwa hasira. "Watu wa kampuni walikuja hapa na tarishi wao. Wamenipa pole. Wamesema ukimya ulikatizwa, kwa hiyo kivuli kimemalizia lile tukio, limetoka vizuri, na nisihangaike."

"Nilijaribu, baba. Niliiacha mpaka... ilibaki kidogo."

"Nilikuomba nusu dakika tu, Tumpe."

Angesema samahani, lakini alijua siku ile ikirudi atapiga kelele tena mahali pale pale, labda mapema zaidi, na mtu haombi samahani kwa kitu atakachokirudia. Akamwekea chungwa kwenye sahani. Mzee hakuligusa.

Mpira ukafika mapumziko, matangazo yakaanza.

"Mwanangu," sauti ikasema kutoka ukutani, ndogo, ya mtu aliyelowa anayeongea na mlango uliofungwa. "Usifungue kama hutaki. Lakini umejenga nyumba. Umeiezekea bati gani?"

Wodi nzima ikainua macho. Mzee Ambokile alikuwa juu pale, amekaa kwenye kigoda, begani ana bando la mabati mekundu.

"He! Mzee, si wewe huyo?" akauliza mgonjwa wa kitanda cha pili, akinyanyuka kwa kiwiko. "Kumbe tunalala na staa! Unaongea vizuri kweli, mzee wangu, unatoa mtu machozi."

Mlangoni, Sekela alikuwa amesimama na chupa ya chai. Alitazama kitandani, akatazama ukutani, kisha kitandani tena, kama mtu aliyeitwa na watu wawili.

Mzee aligeuza uso ukutani. "Izime," akasema.

Tumpe akavuta kiti, akapanda. Televisheni ilikuwa ndani ya kizimba cha nondo, kitufe hakuna, waya umeingia moja kwa moja kwenye ukuta. Nesi akasema kutoka mezani kwake kwamba inaendeshwa kutoka ofisini, na ofisini wameshatoka. Tumpe akabaki amesimama juu ya kiti, mkono umenyooshwa kuelekea kwenye spika, kama alivyosimama ujana wake wote na fimbo ya maikrofoni, kabla ya kupe, mkono ukiuma na haruhusiwi kuushusha. Sauti ilimwagika juu yake. Ilikuwa kavu, ya karibu, kila neno limekaa mahali pake. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga paa la hospitali, na ndani ya sauti ile hakusikia hata tone.